Sosi ya pilipili laini bila mayonezi: shajara ya jikoni

Naandika hapa kila hatua ikiisha, ili mtu akitaka kujaribu kwake aanzie mbele kidogo ya pale nilianzia mimi. Lengo ni sosi ya kijani, kali, laini, ya kumiminika polepole kutoka kwa chupa ya kukamua, na ikishuka juu ya choma ama viazi karai inakaa hapo hapo haikimbii kwa sahani. Mayonezi ya duka sitaki kwa sababu nikiichanganya na pilipili naonja sukari na siki kwanza, pilipili yenyewe inakuja baadaye imechelewa. Na lazima ikae kwa friji wiki kadhaa bila kuachana maji huku mafuta kule.

Vifaa ni vya kawaida tu: blenda ya wati 400, sufuria, gesi ya mtungi wa kilo 6, na mzani mdogo wa jikoni wa betri niliotoa 650 bob. Huo mzani usiuruke. Kijiko changu na kijiko chako si kimoja, na kwa chumvi na siki hiyo tofauti ndiyo itakusumbua.

Jumamosi, 7 Juni 2025: kununua pilipili

Soko la Kangemi, Nairobi, asubuhi, kabla jua halijachoma mboga. Nilienda na wazo la kutumia pilipili mbuzi tupu, zile fupi zenye mikunjo, zinanukia vizuri kuliko pilipili yoyote. Mama mboga akaniuliza, "Customer, unapika hotelini ama?" Nikamwambia ni sosi ya nyumbani. Akachukua mbuzi kadhaa kwa mkono wangu akazirudisha kwa rundo. "Wee, anza na hizi ndefu. Mbuzi utaweka moja, mbili. Ukitoka machozi usinitafute."

Alikuwa sawa kabisa. Mbuzi ni za ukoo mmoja na habanero, na kwa kipimo cha Scoville habanero inacheza kati ya 100,000 na 350,000. Jalapeño, ile Wamexico wanatumia kwa sosi zao za kijani, iko kati ya 2,500 na 8,000 hivi. Hoho ni sufuri. (Hicho kipimo kilianzishwa na Wilbur Scoville, mfamasia wa Marekani, 1912: alikuwa anazimua dondoo la pilipili kwa maji ya sukari mpaka waonjaji wasisikie moto tena. Siku hizi wanatumia mashine, waonjaji wamepumzika.) Sasa sosi laini inataka pilipili nyingi kwa ujazo, nyama ya pilipili ndiyo inaipa mwili. Ukijaza mbuzi tupu utapata mwili, ndio, lakini hakuna mtu ataila.

Kwa hivyo mpango ni huu: zile ndefu za kijani ndio msingi, mbuzi kwa ajili ya harufu. Hoho niliweka pembeni, inaongeza maji na ladha ya nyasi.

Kitu kingine cha kujua ukiwa unakata: moto hauko kwa mbegu, uko kwa ule utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu. Mbegu zinawasha kwa sababu zimeguzana nao. Ukitaka kupunguza makali kwangua utando, usikae hapo unatoa mbegu moja moja.

Gharama: ndefu kilo 1 bob 120, mbuzi za 20, kitunguu saumu robo kilo 100, ndimu 4 za 40.

Jumapili, 8 Juni: maziwa hapana

Nilianza na maziwa kwa sababu ndiyo kitu cha kwanza mtu anafikiria akisikia laini. Nikakaanga vitunguu na pilipili, nikaongeza ngano kidogo, maziwa, ikashika vizuri. Halafu nikakamua ndimu ikiwa bado moto na hapo ikakatika, vidonge vyeupe vinaelea kwa maji ya kijani. Maelezo ni rahisi: protini ya maziwa, kasini, inaganda asidi ikifika karibu pH 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unapanda), na joto linaharakisha. Sosi ya pilipili bila uchachu ni sosi nusu, na uchachu na maziwa ya moto havikai nyumba moja.

Jioni nikajaribu na mala (maziwa lala), baridi, bila kupika. Hii ilikuwa tamu, nakubali, na kwa chapati ilienda yote. Lakini asubuhi ilikuwa imetoa maji juu, na kitu kama hicho ukikipa siku chache kwa friji kinaanza harufu nyingine. Zaidi ya hapo maziwa yanakula moto. Kapsaisini, kile kitu kinachowasha, haiyeyuki kwa maji, inapenda mafuta, na ile kasini inaibeba inaitoa kwa ulimi. Ndio maana ukichomeka unashauriwa unywe maziwa si maji. Sasa kwa nini nitengeneze sosi kali halafu niiwekee dawa yake ndani?

Ukitaka ya kula leo leo, mala iko sawa. Kwa huu mradi, tumefunga hiyo faili.

Gharama: maziwa na mala 130.

Jumamosi, 14 Juni: mafuta yakishikwa vizuri yanakuwa krimu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilianza. Mayonezi ni mafuta yaliyovunjwavunjwa vidogo sana ndani ya maji kidogo, na kitu cha kuyazuia yasirudiane, ambacho huwa ni kiini cha yai. Walebanoni wana sosi yao, toum, haina yai kabisa: saumu, mafuta, ndimu na chumvi, na inasimama nyeupe laini. Saumu yenyewe ndiyo inashika. Nikasema basi, pilipili iliyopikwa ikasagika vizuri pamoja na saumu, mafuta yakiingia polepole, inapaswa kushika pia. Na mayai mabichi nimeyaepuka, sitaki kuwaza salmonela kila nikifungua chupa.

Kosa kubwa la hiyo siku lilikuwa kuchoma pilipili moja kwa moja juu ya moto wa gesi ndani ya nyumba. Nyumba zetu unajua, dirisha la jikoni linaangalia korido. Ule moshi unabeba kapsaisini, haukuchomi macho tu, unaingia kifuani. Nilikohoa nikatoka nje, kutoka nikakuta korido nzima inakohoa. Jirani wa mlango wa pili akafungua ameshika leso puani, "Jirani, kwani leo mnafukuza mashetani?" Nikamwambia pole sana, ni pilipili, nitakuletea sosi. "Lete na dirisha ufungue."

Suluhisho: chemsha badala ya kuchoma. Pilipili nzima, kikonyo nje, kwa maji yanayochemka dakika 5 mpaka ziwe laini lakini bado kijani. Unapoteza ladha ya moshi, na kama una jiko la makaa huko nje choma huko, itakuwa tamu zaidi. Ndani ya nyumba ya ghorofa usijaribu, hata na dirisha wazi.

Mikono: vaa glavu, zile za sanduku za kutupa. Kama ulishashika bila glavu, sabuni na maji peke yake hazisaidii sana. Pakaa mafuta ya kupikia kwanza, sugua, halafu sabuni ya vyombo, rudia. Na lenzi za macho usiguse hiyo siku.

Sosi yenyewe? Nilisaga pilipili na saumu mbichi na chumvi, nikawa namimina mafuta kwa tundu la kifuniko kidogo kidogo. Kwanza unaona ni rojo ya kijani kibichi inarukaruka. Halafu ghafla sauti ya blenda inabadilika, inakuwa nzito, rangi inapauka kuelekea kijani cha maziwa, na katikati panafunguka shimo ambalo halijifungi. Hapo imeshika. Nilizima nikageuza kijiko juu chini, haikuanguka.

Gharama: mafuta ya kupikia nusu lita 130, glavu 10, saumu ilibaki ya wiki iliyopita.

Jumatatu, 16 Juni: ile ya friji

Ilikaa vizuri Jumamosi yote juu ya meza. Usiku nikaitia friji. Jana asubuhi ilikuwa ngumu, kisu kinasimama, nikafikiri ni poa tu, ni baridi. Nikaitoa ipate joto na ikaachana kabisa: mafuta ya njano juu, makapi ya kijani chini. Nikarudisha kwa blenda, ikashika, nikairudisha friji, leo asubuhi ni yale yale.

Nilianza kulaumu saumu, nikalaumu blenda, kumbe ni mafuta. Angalia mtungi wako wa mafuta ya kupikia mwezi wa sita ama wa saba, hapa Nairobi baridi ikishika. Utaona ukungu mweupe chini, wakati mwingine nusu mtungi imeganda. Mengi ya mafuta ya bei nafuu tunayonunua ni olini ya mawese (ile sehemu nyepesi ya mawese), na mawese yanaganda kwa baridi kidogo tu. Matone ya mafuta yakiganda ndani ya sosi yanakuwa na ncha, yanatoboana na kuungana, na ukiyapasha yanaachana moja kwa moja. Hakuna saumu wala yai la kuzuia hiyo.

Jana usiku nilipanga glasi ndogo kwa friji, kila moja na mafuta yake vijiko viwili, nikabandika majina kwa karatasi. Asubuhi: ya mawese nyeupe ngumu, unaweza kupindua glasi. Ya zeituni, ile ya kijani isiyosafishwa, imejaa ukungu na punje. Ya alizeti safi kabisa, unaona upande wa pili. Ya mahindi pia safi. Ni jaribio halina gharama na linakuambia kila kitu, lifanye kabla hujasaga chochote. Na usiamini picha ya mbele ya mtungi, kuna walioandika tu "mafuta ya mboga" na kuweka ua. Geuza usome viambato kwa herufi ndogo nyuma.

Zeituni nilikuwa nimeshaiondoa kwa sababu nyingine, ukiipiga kwa blenda inatoa uchungu.

Hasara: sosi yote ya Jumamosi. Niliikaangia mayai, haikutupwa.

Jumamosi, 21 Juni: alizeti, na namna ya kuokoa iliyovunjika

Alizeti lita 1 bob 390 supa, mawese ingekuwa 260. Hiyo tofauti ya 130 ndiyo bei ya sosi kutoachana, nalipa.

Leo nilivunja sosi mbili, na zote zilikuwa za haraka. Ya kwanza nilisaga pilipili zikiwa bado na mvuke. Blenda ikiwa imefungwa na kitu cha moto ndani, mvuke unapanuka unasukuma kifuniko, na ndio sasa dari ya jikoni ina madoa ya kijani yasiyotoka. Hata kama kifuniko kingeshika, joto linafanya mafuta yawe mepesi na yasikae. Pilipili zipoe kabisa, ikiwezekana ziwe baridi.

Ya pili nilimimina mafuta mengi mara moja kwa sababu mkono ulichoka. Haikushika hata kidogo, ilikuwa supu. Namna ya kuokoa ni hii, na inafanya kazi hata kwa ile iliyoachana jana: toa yote kwa bakuli. Osha blenda. Weka vijiko viwili vya maji baridi na punje mbili za saumu iliyosagwa, ama kijiko cha rojo ya pilipili kama umebakisha. Washa, halafu hiyo sosi iliyovunjika ndiyo unaimimina sasa, uzi mwembamba kabisa, kama vile ungemimina mafuta. Inarudi. Nusu ya kwanza ndiyo ya kubembeleza, ikishashika unaweza kuongeza mwendo kidogo.

Katikati ya hayo stima ikapotea. Blenda ikiwa imesimama nusu njia sosi ilikaa tu hivyo saa nzima bila kuachana, stima iliporudi nikaendelea. Ni vizuri kujua. Pia blenda ndogo inapata joto, ukisikia harufu ya waya ipumzishe, joto la mota linapanda mpaka kwa sosi.

Nilijaribu pia zanthani, ile unga nyeupe wanauza kwa maduka ya vitu vya kuoka keki, inafanya vitu viwe vizito. Nikatia kwa macho, kijiko kizima. Ikawa inavutika kama bamia. Kama utaitumia, gramu 1 kwa nusu kilo ya sosi inatosha, na uichanganye na mafuta kwanza isifanye madonge. Mimi niliiacha, sosi iliyopigwa vizuri haiihitaji.

Jumamosi, 28 Juni: sehemu ya kutofanyia mchezo

Saumu mbichi ndani ya mafuta, bila asidi, kwa chupa iliyofungwa, ni mahali pazuri sana pa bakteria wa botulizimu. Anatoka kwa udongo, anakuja na saumu, hapendi hewa, na ndani ya mafuta hakuna hewa. Sumu yake haina harufu wala ladha, huwezi kuonja ukajua. Kinachomzuia kukua ni asidi: chini ya pH 4.6 hawezi. Mimi nataka 4.0 ama chini, nijipe nafasi. Kwa hivyo kama umefuata mpaka hapa na umetengeneza sosi kama ya tarehe 14 ama 21 bila siki, kaa nayo kwa friji na uimalize ndani ya siku chache tu tangu uisage, meza na kabati sahau.

Nilinunua karatasi za kupima pH mjini, duka la vifaa vya maabara, 350 bob kijitabu. Fundisho: pima rojo kabla ya kutia mafuta. Mafuta yakishaingia yanapaka karatasi na rangi haisomeki, nilipoteza karatasi kadhaa nikishangaa kwa nini kila kitu ni kijivu. Rojo ya pilipili na saumu peke yake ilisoma zaidi ya 5. Na siki nyeupe ya asilimia 5, mililita 60 kwa gramu 300 za pilipili na saumu, ikashuka chini ya 4. Ndimu peke yake usitegemee, moja ina maji nyingine ni kavu, hujui umeweka asidi ngapi. Siki kwa usalama, ndimu kwa ladha.

Sasa mkasa wa rangi. Nikasema nijihami zaidi, nikaloweka saumu mbichi iliyopondwa kwa siki usiku kucha. Asubuhi ilikuwa bluu. Si kijani ya pilipili, bluu ya wino. Nikakaribia kuitupa. Kumbe ni kawaida, vitu vyenye salfa ndani ya saumu vikikutana na asidi, vimeng'enya vya saumu vinavibadilisha mpaka vinatengeneza rangi, na haina madhara. Kwa sosi ya kijani haionekani sana, ila ya njano itaonekana mbaya. Dawa ni kuchemsha saumu nzima dakika 4 pamoja na pilipili, joto linaua hivyo vimeng'enya. Pia inaondoa ule ukali wa saumu mbichi unaokaa kinywani mpaka kesho yake.

Lakini saumu iliyochemshwa inashika mafuta kwa unyonge kuliko mbichi. Niligundua sosi imekuwa nyepesi na baada ya siku mbili kulikuwa na mstari wa mafuta juu. Nikaongeza kijiko kidogo cha haradali ya unga, kutoka maduka ya viungo Ngara, 80 bob pakiti, na mstari ukaisha. Haradali nayo ni ya kushika mafuta, na kwa kiasi hicho huisikii.

Rangi ya kijani pia inakufa kwa asidi, inakuwa ya zeituni iliyochoka. Haizuiliki kabisa. Ninachofanya ni kutoa pilipili kwa maji ya moto haraka na kuzitia kwa maji baridi, siki naiweka mwisho kabla ya mafuta, na naongeza konzi ya dania mbichi. Inasaidia wiki ya kwanza.

Jumamosi, 5 Julai, na nyongeza ya tarehe 12: kuchachusha mbuzi

Nikiwa na sosi ya kijani inayosimama nilitaka ya njano, ya mbuzi zilizochachuka, kwa sababu uchachu wa chumvi una kina kuliko wa siki. Gramu 300 za mbuzi za njano na nyekundu (nilikwangua utando kwa nusu yake, naogopa Mungu), gramu 100 za karoti kwa ajili ya mwili na rangi, gramu 400 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Chumvi asilimia 3 ya uzito wote, yaani gramu 24. Maji ya mfereji yana klorini, ndio maana nayachemsha. Ndani ya chupa ya kioo, mfuko mdogo wa maji ya chumvi juu kuzikandamiza zisielee, kifuniko kimelegezwa ili gesi itoke.

Nilitaka kuongeza mbuzi Jumatatu lakini ilikuwa Saba Saba, siku ya maandamano, barabara za kuingia mjini zimefungwa, soko la Marikiti hakufikiki. Nikachukua za kibanda cha mtaani kwa bei maradufu, na kidogo zilikuwa zimelegea. Usitumie zilizolegea kwa kuchachusha.

12 Julai: wiki nzima karibu hakuna povu. Mapishi mengi ya mitandaoni yameandikwa na watu wa nyumba zenye joto, wanasema siku 5. Julai ya Nairobi jikoni kwangu ni nyuzi 17 ama 18 mchana, usiku chini ya hapo, na wale bakteria wa maziwa lala wanafanya kazi polepole sana. Nilihamisha chupa juu ya friji, upande wa nyuma ambako mota inatoa joto, na kesho yake ilianza kutoa povu. Juu kulikuwa na utando mwembamba mweupe uliokunjamana, hiyo ni hamira ya hewani, haina madhara ila inaleta ladha ya mkate mbichi. Niliuondoa kwa kijiko na kuzamisha vizuri zile mbuzi zilizokuwa zimechungulia nje ya maji. Ungeona manyoya, ama rangi ya buluu, nyeusi, pinki, hiyo ni ukungu na chupa nzima inatupwa, hakuna kukwangua.

Jumamosi, 26 Julai: njano imefaulu, na kipimo cha kijani kama kilivyo sasa

Mbuzi zilizochachuka zilisoma pH kati ya 3.5 na 4. Nilizichuja, nikazisaga na saumu ya kuchemsha na haradali, nikaongeza maji yake ya chumvi kidogo kidogo kwa kuonja, halafu alizeti. Ilishika haraka kuliko ya kijani. Ladha yake mtu wa kwanza kuonja alikuwa dada yangu, alinyamaza, akachovya tena, akaomba maji, akachovya tena. Kali sana hata hivyo, ni ya tone tone kwa maharagwe ama kwa mutura. Kwa matumizi ya kila siku naona watu watarudi kwa ya kijani.

Ya kijani basi. Pilipili ndefu gramu 250 na mbuzi 2 bila utando, saumu iliyomenywa gramu 50: chemsha saumu dakika 4, pilipili dakika 5, tia maji baridi, acha zikauke maji. Saga na chumvi gramu 10, sukari kijiko kidogo, haradali kijiko kidogo, maji mililita 50, dania konzi moja, siki mililita 60. Saga muda mrefu kuliko unavyodhani, mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie maganda. Pima pH. Weka kwa friji nusu saa ipoe. Rudisha blenda, mafuta ya alizeti mililita 250, nusu ya kwanza kwa uzi mwembamba. Ndimu mwisho, onja, simamisha.

Inatoa kama mililita 600, chupa mbili. Gharama ya hiyo: pilipili 40, saumu 20, mafuta 98, siki 15, dania 10, ndimu 10, haradali na vingine 12. Jumla 205 bila gesi na bila chupa. Chupa za kukamua nilipata mjini 60 moja.

Chupa zioshwe na zichemshwe ama zisuuzwe na maji ya moto kama ni plastiki isiyovumilia. Kumbuka tuko juu, karibu mita 1,700, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi na si 100, kwa hivyo za kioo ziongezee dakika. Sosi yenyewe usiichemshe ikishashika mafuta, itaachana. Ndio maana hii ni sosi ya friji, si ya kabati, na sitaandika hapa kwamba inaweza kukaa nje.

Jumamosi, 16 Agosti: wiki tatu baadaye

Chupa ya kijani niliyofungua 26 Julai haijaachana. Mafuta hayajapanda, harufu ni ile ile, rangi imechoka kama nilivyosema, na makali yamepungua kidogo ama ulimi wangu ndio umezoea. Ya pili niliyoacha bila kufungua iko vile vile. Najiwekea mwezi mmoja kwa friji, yoyote ikipita hapo naimwaga hata kama inanukia vizuri.

Jirani wa korido sasa anataka chupa mbili kila mwisho wa mwezi na analeta watu wa ofisini kwake. Kumpa jirani ni sawa, lakini ukianza kuuza kwa duka unahitaji alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) na kibali cha afya cha kaunti, na mimi sijapima kwa maabara, nina karatasi za rangi tu. Nimemwambia ninampa, siuzi, akitaka alete alizeti.

Kilichobaki ni mdomo wa chupa. Maganda ya pilipili ndefu, hata yakisagwa sana, yanaziba lile tundu, unakamua hakuna kitu halafu inaruka yote kwa shati. Kuchuja rojo kabla ya mafuta kunasaidia, lakini kichujio cha chai kinachukua dakika 20 na mkono unauma, na kile kikubwa cha matundu mapana kinapitisha maganda. Kukata ncha ya mdomo milimita 2 ndiyo njia ya sasa. Wiki ijayo najaribu kuchemsha pilipili dakika 8 badala ya 5 nione kama ganda linalegea bila kijani kupotea kabisa.